Harakati za walibertaria ndani ya chama kikubwa: maana yake na zinavyofanya kazi

Ulibertaria ni mrengo wa siasa unaotaka serikali iwe ndogo kadiri inavyowezekana: kodi ipungue, soko lisiingiliwe, jeshi lisipelekwe kupigana ng'ambo, na mtu mzima aachwe aamue mambo yake. Nchini Marekani wafuasi wake wana chama chao, Libertarian Party, tangu 1971, lakini hakijawahi kushinda uchaguzi wa kiti hata kimoja cha Kongresi. Mfumo wa mshindi kuchukua yote hauna huruma kwa vyama vidogo. Kwa hiyo wengine wakaamua kuingia Republican, kimoja cha vyama viwili vikubwa vya nchi hiyo. Kundi la Republican Liberty Caucus limekuwa kwenye kazi hiyo tangu 1991, na mfano mkubwa kuliko yote ni kampeni za urais za Ron Paul, mbunge wa Texas, mwaka 2008 na 2012.

Kiini cha harakati hizi ni kushika vyeo vya chama chenyewe, hasa vile vya chini visivyogombewa na mtu. Maandamano na mabango ni pembezoni tu.

Katika majimbo yanayotumia mikutano ya wanachama badala ya kura za mchujo za kawaida, ngazi ni hizi: mtaa, kaunti, eneo bunge, jimbo, kisha mkutano mkuu wa taifa, ambako wajumbe humpigia kura mgombea urais wa chama. Kila ngazi huchagua wajumbe wa ngazi inayofuata. Jioni ya mkutano wa mtaa wanachama hupiga kura kuonyesha wanamtaka mgombea gani, na kura hiyo ndiyo inayotangazwa kwenye televisheni. Wengi wakishapiga huvaa makoti na kwenda zao. Wafuasi wa Paul walifundishwa kubaki ukumbini, maana uchaguzi wa wajumbe hufanyika baada ya hapo, mara nyingine wakiwa wamesalia watu wachache tu.

Matokeo yake yalishangaza. Iowa, Januari 2012, Paul alikuwa wa tatu kwa takriban asilimia 21, lakini kwenye mkutano mkuu wa taifa alipata kura 22 kati ya 28 za jimbo hilo. Minnesota alipata asilimia 27 za kura za wanachama, akaishia na wajumbe 32 kati ya 40. Hapakuwa na wizi: katika majimbo hayo kura ya wanachama haikuwafunga wajumbe.

Ngazi za juu zinahitaji kupanga safu, yaani orodha moja ya majina ambayo watu wote wa upande mmoja wanaipigia. Chukua mkutano wenye watu 100 na nafasi 10 za ujumbe, kila mtu akichagua majina 10. Watu 60 wa upande mmoja wakitawanya kura zao 600 kwa wagombea wao 25, kila mmoja anapata wastani wa kura 24. Watu 40 wa upande wa pili wakipigia majina yaleyale 10, kila jina linapata 40, na wanazoa nafasi zote. Safu hutayarishwa mapema, huchapishwa, na hugawiwa kwa watu wanaojuana, kwa sababu mpinzani anaweza kuchapisha orodha ya bandia inayofanana nayo. Kinachovunja safu mara nyingi ni ubinafsi: mtu hakuwekwa kwenye orodha, anajiteua mwenyewe, anagawa kura.

Kitu cha pili ni kiti cha mwenyekiti wa kikao. Yeye ndiye anayeamua nani azungumze, hoja ipi ipokelewe na kikao kiahirishwe lini. Maine, Mei 2012, upande wa Paul ulishinda kiti hicho kwa tofauti ya kura 4 tu, na ushindi huo mwembamba ndio uliofungua mlango wa kuchukua karibu wajumbe wote. Aliyekikosa kiti anahitaji angalau watu wachache wanaozijua kanuni: namna ya kutoa hoja ya utaratibu, kupinga uamuzi wa mwenyekiti ili ukumbi wenyewe uamue, kudai kura zihesabiwe moja moja badala ya kusikiliza sauti za "ndiyo", na kukagua akidi. Wajumbe wakichoka na kuondoka mapema saa za jioni, wingi wa asubuhi haufai kitu.

Kikwazo kigumu zaidi kiko juu. Nevada, wafuasi wa Paul walichaguliwa kujaza viti vingi vya ujumbe, lakini kanuni ziliwafunga wengi wao kumpigia Mitt Romney, mpinzani wa Paul aliyekuja kuwa mgombea wa chama. Kwenye mkutano mkuu wa Tampa, Agosti 2012, nusu ya wajumbe waliochaguliwa Maine walienguliwa. Sharti la jina la mgombea kupendekezwa mkutanoni likabadilishwa pia: badala ya kuongoza katika majimbo matano, mgombea alitakiwa awe na zaidi ya nusu ya wajumbe katika majimbo manane. Paul aliondoka na kura 190.

Je, ilikuwa kazi bure? Sidhani. Ilani ya chama ya 2012 ilitaka benki kuu ya Marekani ikaguliwe kila mwaka, dai ambalo Paul alilibeba kwa miaka mingi, na watu kama Rand Paul, mwanawe, na Thomas Massie wakaingia Kongresi.

Vyeo vya chama vyenyewe ni suala jingine. Nevada, chama cha jimbo kilipokuwa mikononi mwa watu wa Paul, kambi ya Romney na makao makuu ya chama waliunda Team Nevada, wakaendesha kampeni na fedha kupitia huko. Ofisi ilibaki, nguvu ikahama. Iowa, A.J. Spiker, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa kampeni ya Paul jimboni, alichaguliwa mwenyekiti wa chama mwaka 2012. Wafuasi wengi walikuwa wamekuja kwa ajili ya mtu mmoja, na mgombea wao hakuwepo tena. Januari 2014 watu wa Gavana Terry Branstad walijaza mikutano ya mitaa, wakachagua wajumbe wao ngazi kwa ngazi, na kufikia katikati ya mwaka huo kamati kuu ya jimbo ilikuwa imerudi mikononi mwao.