Kurudia kusoma si kukumbuka

Wengi wanaojifunza lugha huamini kwamba ukitaka habari ikukae kichwani uisome tena na tena, na kwamba jaribio ni chombo cha mwalimu cha kupimia tu. Sivyo.

Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vifupi. Kundi moja lilisoma vipindi vinne. Jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika kila lilichokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Wiki moja baadaye kibao kiligeuka: waliorudia kusoma 40, waliojijaribu 61. Ndiyo maana dhana hii haifi. Huwa tunajipima habari ikiwa bado ya moto.

Mwaka 2008 wakatumia, amini usiamini, Kiswahili chetu: wanafunzi walijifunza maneno 40 na maana zake kwa Kiingereza, “mashua” likiwamo. Walioendelea kuulizwa hata maneno waliyokwisha kuyapata walikumbuka takriban asilimia 80 baada ya wiki. Walioendelea kuyasoma bila kuulizwa tena waliambulia kama 36 hivi. Na kabla ya hapo makundi yote yalijitabiria karibu nusu!

Basi ukimaliza ukurasa wako wa Kifaransa au Kiarabu, funika kitabu, andika ulichokishika hata ukiboronga, ndipo ufunue usahihishe. Kesho kutwa jiulize tena, kabla ya kufungua ukurasa.