Refa, ile hukuiona?

Swali hilo naulizwa karibu kila mechi ya mpira wa kikapu ninayochezesha, na mara nyingi jibu ni kwamba kweli sikuiona. Nikisimama chini ya goli, kazi yangu ni kuangalia upenyo uliopo kati ya mshambuliaji na beki. Ukiuziba kwa mgongo wako, mimi naona jezi tu. Wazoefu wanalijua hilo. Kwenye kugombea rebaundi, yaani mpira uliokosa kuingia golini, mtu anajibanza nyuma ya mwenzake, anashika bukta yake kwa vidole viwili, sekunde moja tu, halafu anaachia. Aliyeshikwa haruki, na jukwaani wanamzomea kwamba ni mvivu. Mechi zetu nyingi tunachezesha wawili, kwa hiyo upande wa pili wa mgongo ule hakuna mtu wangu.

James Naismith mwenyewe, aliyebuni mchezo huu, alipoandika kanuni zake 13 kule Springfield, Marekani, mwaka 1891, aliweka mwamuzi mmoja wa kuangalia watu na mwingine wa kuangalia mpira.

Ukitaka kuwachokoza waamuzi, wawekee video ya tarehe 14 Juni 1998, mechi ya sita ya fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, Salt Lake City. Michael Jordan wa Chicago amemnyang'anya Karl Malone wa Utah mpira, anakata kwenda kulia, anafunga breki. Mkono wake wa kushoto uko kwenye nyonga ya Bryon Russell, mlinzi wa Utah, Russell anateleza, mpira unazama zimebaki sekunde 5.2. Chicago 87, Utah 86. Ile video nimeitazama mara nyingi kuliko picha za harusi yangu. Kwa macho yangu, Russell alishapoteza mizani kabla mkono haujafanya kazi yoyote, na mimi nisingepuliza faulo ya kusukuma. Wenzangu wawili hawataki hata kunisikia.

Watu wa Utah wangelia na jambo jingine la usiku uleule. Howard Eisley wa Utah alifunga pointi tatu zikakataliwa, eti muda wa kushambulia umeisha, wakati picha za marudio zilionyesha mpira ulishamtoka mkononi. Waamuzi wa NBA hawakuwa na marudio ya kuangalia hadi msimu wa 2002. Pale hakuna aliyedanganya; jicho lilikosea tu.

Mimi natofautisha anayenificha na anayenidanganya. Mshika bukta ananificha: nikimkamata ni faulo, nisipomkamata tumeshindana akanishinda, na wiki ijayo nitasimama mahali pengine. Anayejiangusha bila kuguswa, akapiga yowe na kujishika shingo, huyo anataka kuitumia filimbi yangu kumwibia mwenzake. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, zinamhesabia faulo ya kiufundi, na NBA tangu msimu wa 2023 wanampa mpinzani mrusho mmoja huru. Nikimbaini, simwonei haya.

Jason Kidd, alipokuwa kocha wa Brooklyn Nets, naye namweka kapu hilohilo. Novemba 2013, dhidi ya Lakers, timeout, yaani nafasi za kusimamisha mchezo, zimemwishia. Akamwambia mchezaji wake amgonge, kikombe cha soda kikamwagika uwanjani, mchezo ukasimama wakipiga deki, na timu yake ikapanga mbinu. Ikafungwa vilevile. Ligi ikamtoza faini ya dola 50,000. Nilicheka, nakiri, ila kile kilikuwa kiini macho kwa waamuzi.

Mwaka juzi nilichezesha mechi ya sekondari, dakika ya mwisho, tofauti pointi moja. Mpira ukatoka nje katikati ya mikono minne. Nikamtazama mwenzangu, naye akanitazama mimi. Tulikuwa tunakwenda kwenye mshale wa mezani, unaoonyesha zamu ya nani kupewa mpira tukiwa na shaka, na mshale ulikuwa wa timu iliyokuwa nyuma. Kijana mmoja wa timu hiyohiyo akanyoosha mkono: "Imenigusa mimi, refa." Nikawapa wapinzani mpira.

Kocha wake akamtoa palepale. Mechi ilipoisha akanifuata mezani nikisaini karatasi. "Mwalimu, nikuulize. Angesema imemgusa yule mwingine, ungemwamini?"

Nikamwambia hapana. Akacheka, akaenda zake. Yule kijana alikuwa bado benchi, anafungua kamba za viatu.