Moto si wa SNEL peke yake

Goma, mashariki mwa Kongo, kuanzia Birere hadi Ndosho, bado utasikia watu wakisema juu ya moto, yaani umeme, na SNEL, kampuni ya umeme ya serikali: "Moto ni wa SNEL, bei ni ya SNEL, nani atawauliza?" Wazazi wetu walikuwa na sababu ya kusema hivyo. SNEL iliundwa mwaka 1970, na kwa miaka mingi umeme wa nchi ulikuwa mikononi mwake.

Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango kwa wengine. Ndiyo maana leo nyumba nyingi za Goma zinawaka kwa maji ya mto Rutshuru, kutoka kituo cha Matebe, na pale Ndosho kuna mitambo ya umeme wa jua ya kampuni ya Nuru. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoleta ARE, mamlaka ya kusimamia sekta ya umeme. Hapa ndipo wengi huchanganya: ARE haizalishi umeme wala haiuzi. Inaangalia kama kampuni zinafuata masharti na bei zilizowekwa, na inapatanisha kampuni na mteja wakigombana.

Wengine husema makampuni yamekuja, basi msimamizi wa nini? Lakini mara nyingi avenyu moja hupitiwa na nyaya za kampuni moja tu. Mama wa mtaa wa Majengo hawezi kuhama nyumba kwa sababu bei imepanda. Kwangu mimi, marekebisho ya kweli yaanzie hapo: hesabu ya bei iwekwe wazi kabla ya kuidhinishwa, na malalamiko yasikilizwe hapahapa jimboni, kwa Kiswahili.