Je, wajua kwa nini prosesa (chipu inayotekeleza amri za kompyuta) ya 6502 iliuzwa dola 25 wakati wenzake walianza na dola 360?

Septemba 1975, wakati wa maonyesho ya elektroniki ya WESCON mjini San Francisco, kampuni ya MOS Technology kutoka Pennsylvania ilitoa prosesa yake mpya, 6502, kwa dola 25. Intel 8080 na Motorola 6800 zilikuwa zimeingia sokoni mwaka uliotangulia kwa dola 360 kila moja. Wahandisi walioona tangazo hilo, baadhi yao walidhani ni utapeli.

Hata leo wengi hujibu kwa wepesi kwamba bei ilikuwa ndogo kwa sababu prosesa yenyewe ilikuwa dhaifu. Ushahidi wanaoutaja ni kasi: 8080 ilikwenda kwa megahezi 2, na 6502 kwa megahezi 1. Lakini megahezi huhesabu tu mamilioni ya mipigo ya saa ya prosesa kwa sekunde, haihesabu kazi iliyofanyika. Amri fupi kabisa ya 8080 ilihitaji mipigo 4. Ya 6502 ilihitaji 2, kwa kuwa iliweza kuanza kuchukua amri inayofuata kabla ya kumaliza iliyo mkononi. Piga hesabu: zote mbili hutumia maikrosekunde 2. Ni kweli 8080 ilikuwa na rejista (visanduku vya kushikilia namba ndani ya prosesa) nyingi zaidi, na kujumlisha namba za biti 16 (tarakimu 16 za 0 na 1) kulikuwa kwepesi zaidi kwake, kwa hiyo si haki kusema 6502 ilishinda kila mahali. Dhaifu, hata hivyo, haikuwa.

Siri ya bei ilikuwa katika ukubwa wa kipande cha silikoni. Prosesa nyingi hutengenezwa kwa pamoja juu ya kisahani kimoja cha silikoni, kisha hukatwa. Kisahani hakikosi kasoro, na kasoro moja mahali pabaya hutosha kuua prosesa nzima. Chukua donge la unga wa maandazi lililoingia punje kumi za mchanga. Ukilikata maandazi makubwa 20, punje hizo zaweza kukuharibia nusu nzima. Ukilikata madogo 100, mchanga uleule utakuharibia kumi tu, na 90 yatauzika. Yaani anayekata vipande vidogo hupata faida mara mbili: vinakuwa vingi, na sehemu kubwa zaidi ya hivyo vingi haina kasoro.

Chuck Peddle, mhandisi aliyeongoza kazi ya 6502, na wenzake walilijua hilo vizuri, maana walitoka Motorola, kwenye kazi ya 6800. Kipande cha 6800 kilikuwa na milimita za mraba 29. Wao walijiwekea lengo la 16.6. Wakaanza kupunguza. Rejista ya pili ya hesabu iliondolewa. Rejista moja ya faharasa (inayoonyesha mahali kwenye kumbukumbu) ya biti 16 ikageuzwa kuwa mbili za biti 8, X na Y. Uhaba huo wa rejista waliufidia kwa kuzipa baiti (biti 8 kila moja) 256 za mwanzo za kumbukumbu njia ya mkato, zifikiwe kwa anwani ya baiti moja tu.

MOS ilikuwa pia na ujuzi wa kusahihisha violezo vya kuchapia saketi juu ya visahani. Kasoro iliyo kwenye kiolezo hujirudia kwenye kila kisahani, hivyo kuifuta mara moja huokoa prosesa nyingi.

Kwenye ukumbi wa maonyesho kuuza hakukuruhusiwa, basi biashara ikahamia chumba cha hoteli. Mezani paliwekwa mitungi ya kioo iliyojaa prosesa, ionekane kwamba mzigo upo. Kwa simulizi ya Peddle mwenyewe miaka mingi baadaye, zilizokuwa chini ya mtungi zilikuwa mbovu. Nzima zilikuwa juu. Na hata hizo nzima, toleo la kwanza halikuwa na amri ya kuzungusha biti kuelekea kulia, ambayo ilikuja kuongezwa 1976.

Motorola ilishusha 6800 hadi dola 69 na kuishtaki MOS. Shauri liliishia kwa malipo ya dola 200,000 na kuondolewa sokoni kwa 6501, pacha wa 6502 aliyeingia moja kwa moja kwenye soketi ya 6800. 6502 yenyewe ikabaki. Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, aliijengea kompyuta ya Apple I mwaka 1976, na mwaka uliofuata ilikuwa ndani ya kompyuta za Apple II na Commodore PET, huku ndugu yake mdogo, 6507, akiendesha michezo ya Atari 2600, mashine ya michezo ya nyumbani.