Kilomita gawanya kwa 900? Hapana jamani

Leo naomba tuelewane, maana kaja tena mteja ofisini simu mkononi, kagoogle KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, mpaka Amsterdam, kaona kilomita kama 6,900, kagawanya kwa 900 kapata masaa saba na dakika arobaini, eti kwa nini tiketi inaonyesha masaa nane na nusu, kana kwamba hiyo tofauti nimeitia mfukoni mimi.

Kwanza hiyo 6,900 ni ule mstari mfupi kuliko yote juu ya dunia na ndege haiufuati hivyo hivyo. Unakatiza Sudan, na anga la Sudan lilifungwa Aprili 2023 vita vilipoanza, ndege za Ulaya zikaanza kuzunguka. Pili, kilomita 900 kwa saa ni kasi ya kule juu ndege ikishatulia, kupanda na kushuka ni habari nyingine, na masaa ya tiketi yanahesabiwa geti mpaka geti. Schiphol, uwanja wa Amsterdam, kuna runwei inaitwa Polderbaan, iko mbali huko, ukitua hapo ndege inatembea chini dakika kumi mpaka ishirini kufika getini, mmekaa tu na mikanda.

Sasa kinachonichosha ni upepo. Kuna wanaosema ukiruka kwenda magharibi dunia inazunguka inakuja kukupokea, kwa hiyo unawahi. Uongo! Hewa inazunguka pamoja na dunia. Ingekuwa hivyo London kwenda New York kungekuwa haraka kuliko kurudi, na ni kinyume kabisa, kwa sababu kule juu kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki. Februari 2020 ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa masaa manne na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida inazidi masaa sita, na hapo rubani hajakanyaga mafuta zaidi, kasukumwa tu. Ila usichukue hilo ukalileta KIA. Sisi na Ulaya ni kusini na kaskazini, upepo huo unatupiga ubavuni, tofauti ya kwenda na kurudi inakuwa ndogo.

Halafu kuna dakika za akiba. Makampuni yanaziongeza kwenye ratiba ili yaonekane yamewahi, na hazijaandikwa popote, mie nakisia tu nikisikia ndege imechelewa kuondoka na bado imefika kabla ya saa.

Amsterdam wako nyuma yetu masaa mawili kipindi cha baridi, lisaa limoja kipindi cha joto, kwa hiyo usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika kichwa kichwa ukadhani ndiyo urefu wa safari. Doha toa tu, saa zao ni zetu. Na 20:15 ni saa mbili na robo usiku siyo saa nane, kuna ndugu wa abiria walitoka Moshi mchana kweupe wakakaa KIA mpaka giza, wakanipigia simu kuniuliza ndege imeangukia wapi.