Donati ya keki ni ipi, na kwa nini inapasuka?

Jirani yangu hapa Chikongola, Mtwara, alipokea sahani, akageuza donati moja juu chini, akaniuliza: "Dada, hii si hafukeki umeitoboa tundu?" Nilicheka, ila hakukosea sana. Ukitaka kuielewa donati ya keki, ile ya kizamani yenye nyufa, anzia kwenye hafukeki ya mgahawani. Donati laini ya kuvutika iweke kando kwanza.

Tofauti iko kwenye kinachoumua unga. Donati tuliyoizoea ni ya hamira: unga unakandwa, unaachwa uumuke, na ukiing'ata inavutika kama mkate. Donati ya keki inaumuliwa kwa beking pauda. Haikandwi wala haisubiri kuumuka, na ukiimega inakatika na kumomonyoka kama keki. Jina limetoka hapo. Wengi wakisikia "keki" hudhani inaokwa. Inakaangwa, tena kwenye karai lile lile la maandazi.

Na nyufa? Si kosa la mpishi, ndizo zinazotafutwa. Unga uliokandwa una mvuto, hewa ikisukuma kutoka ndani unatanuka nayo. Huu haukukandwa, una siagi na sukari nyingi, hauna nguvu ya kutanuka. Beking pauda inafanya kazi tena ikipata joto, maji ya ndani yanageuka mvuke, juu kumeshaanza kukauka, basi panapasuka. Kingo za zile nyufa ndizo zinakuwa kavu na tamu kuliko sehemu nyingine yote. Mara ya kwanza mimi niliukanda kwa mazoea ya maandazi. Zilitoka ngumu, hazina hata ufa mmoja, watoto wakazichezea gurudumu.

Kipimo changu ni robo kilo ya unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari, beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi nusu kijiko cha chai, kungumanga kidogo ya kukwangua, siagi vijiko viwili vya chakula, viini viwili vya mayai na nusu kikombe cha mtindi. Mtindi wa kwetu ni mwepesi, uchuje kwenye kitambaa safi kama saa moja ubaki mzito. Ule uchachu una kazi: unalainisha unga na kukata utamu. Saga siagi na sukari, tia viini, mtindi, halafu unga uliochanganywa na beking pauda, chumvi na kungumanga. Ukishashikana, acha. Ndiyo, unanata, na mkono utakuambia ongeza unga. Usiusikilize.

Dawa ya kunata ni ubaridi. Weka kwenye friji saa moja au zaidi. Kwa joto la Mtwara la mwezi wa kumi na mbili, umeme ukikatika mimi huketisha bakuli kwenye beseni la barafu. Kisha sukuma unene wa kidole, kata kwa glasi, katikati toboa kwa kizibo cha chupa ya maji. Tundu si pambo: linapitisha moto hadi ndani. Baharia mmoja Mmarekani, Hanson Gregory, alidai ndiye aliyelianzisha mwaka 1847, kwa sababu za zamani zilikuwa zinabaki mbichi katikati.

Mafuta yawe ya moto wa wastani, nyuzi 160 hadi 170 hivi, chini ya yale ya donati za hamira. Huna kipimajoto? Chovya mpini wa mwiko mkavu: viputo vidogo vikipanda polepole, tayari, vikichemka kwa fujo, punguza mkaa. Yakiwa makali sana, nje inaungua kabla haijapasuka; yakipoa, inakunywa mafuta. Donati itazama, kisha itaelea. Ikielea tu igeuze, iache dakika moja na zaidi mpaka ipasuke upande wa juu, ndipo uigeuze tena.

Ipake ingali vuguvugu sukari ya unga iliyokorogwa kwa maziwa kidogo, iingie kwenye nyufa. Mimi hunyunyizia korosho vipande zilizokaangwa na kupondwa. Huku kwetu vipande ni rahisi kuliko korosho nzima, na kwa kazi hii ladha ni ile ile. Ya hamira ikilala inakuwa kama mkate wa jana. Hii ikilala kwenye kopo la kufunika inazidi kulainika, kwa hiyo za chai ya asubuhi zikaange jioni.