Orodha ya Mvinyo ya Mgahawa Mdogo: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Mhudumu amesimama kando na kalamu, wenzako mezani wanakutazama, na karatasi uliyoshika imejaa majina ya Kifaransa. Hapo ndipo watu hukimbilia kanuni walizozisikia vijiweni. Nyingi hazina mashiko, na moja au mbili zinakugharimu.

Dhana: Orodha ndefu ndiyo yenye chaguo.

Hesabu ladha, usihesabu mistari. Chablis, Meursault na Pouilly-Fuissé ni majina matatu ya Burgundy, jimbo la Ufaransa, ila zabibu ni moja: Chardonnay. Sancerre na Pouilly-Fumé ni Sauvignon Blanc, kutoka kingo mbili za mto uleule wa Loire. Ongeza Chardonnay ya California na Sauvignon Blanc ya Marlborough, New Zealand, tayari ukurasa umejaa kwa zabibu mbili tu. Ni kweli Chablis huwa mkali na mwembamba kuliko Meursault uliolala kwenye pipa la mwaloni, lakini anayetaka kitu cha kunukia maua bado hana cha kuagiza.

Njia rahisi ya kupima ni kutafuta nafasi nane. Kwa mvinyo mweupe: mwepesi wenye uchachu (Muscadet, Albariño), wenye harufu kali (Riesling, Torrontés), na mzito. Kwa mwekundu: mwepesi usiokakasa mdomo (Gamay wa Beaujolais), wa kati wenye uchachu wa kukata mafuta ya chakula (Chianti), na mzito wenye tanini nyingi, yaani ule ukakasi wa mdomoni (Cabernet Sauvignon, Barolo). Kisha mmoja wenye mapovu na mmoja mtamu wa baada ya mlo. Mvinyo 16 ulioenea katika nafasi zote nane unashinda 60 uliorundikana katika tatu.

Urefu una hasara nyingine ambayo mteja haioni. Mgahawa wa viti 30 wenye aina 150 umelaza mtaji ambao mauzo ya kila siku hayawezi kuuzungusha. Chupa hukaa. Na katika mgahawa mdogo, mahali pa kukaa mara nyingi ni rafu ya jirani na jiko, wakati mvinyo unapenda joto la nyuzi 12 hadi 14 lisilopandapanda. Juu ya nyuzi 25 kwa wiki kadhaa, harufu ya tunda mbichi hugeuka kuwa ya jamu iliyopikwa. Ukiona chupa zimepangwa juu ya friji au chini ya taa kama mapambo, agiza zile zinazotoka haraka.

Dhana: Kwepa chupa ya pili kutoka chini kwa bei, ndiyo wanayokukamulia.

Hoja yenyewe inavutia: mteja anaona haya kuagiza ya bei ya chini kabisa, mwenye mgahawa analijua hilo, basi anapandisha faida kwenye inayofuata. Watafiti wawili wa uchumi walilipima jambo hili katika migahawa ya London na kutoa matokeo mwaka 2021. Chupa ya pili haikuwa na ongezeko kubwa zaidi la bei. Ongezeko lilikuwa kubwa katikati ya orodha, na dogo zaidi kwenye ncha zake.

Kwa hiyo piga hesabu yako mwenyewe. Mgahawa huzidisha bei ya jumla mara mbili hadi nne, na kizidisho mara nyingi hupungua kwenye chupa za bei ya juu. Tuseme chupa moja imenunuliwa kwa 8 ikauzwa 32; nyingine imenunuliwa kwa 30 ikauzwa 75. Kwenye ile ya 32, robo tu ya fedha yako imeenda kwenye mvinyo. Kwenye ile ya 75 ni asilimia 40. Mwenye mgahawa hakupunjika, maana amepata 45 badala ya 24, na glasi zilizooshwa ni zilezile. Wala hili halikulazimishi kuagiza ya 75. Linakuonya tu kwamba "ya bei nafuu" na "yenye thamani" si neno moja.

Bei ya jumla huioni, lakini ya dukani unaipata kwenye simu kwa nusu dakika. Gawa bei ya orodha kwa bei ya duka. Ikitoka chini ya 2, mwenye mgahawa ni muungwana. Kati ya 2 na 3 ni kawaida. Ikivuka 3 kwenye chupa ambayo si ya bei ya chini, geuza ukurasa. Jaribu chupa tatu za viwango tofauti, kwa sababu moja inaweza kuwa chambo.

Dhana: Ukinywa kwa glasi unaokoa.

Unaokoa ukinywa moja. Chupa ya kawaida ni mililita 750: glasi tano za mililita 150, au sita za 125. Bei ya glasi ikiwa robo ya bei ya chupa na kipimo ni 150, glasi tano zinakutoza asilimia 25 zaidi ya chupa nzima. Kipimo kikiwa 125, bei ileile ya robo inakutoza asilimia 50 zaidi. Ndiyo maana orodha isiyotaja mililita imekuficha nusu ya bei. Uliza, na ukiambiwa "glasi ya kawaida", uliza tena.

Ongezeko lenyewe si uonevu mtupu. Mabaki ya chupa yakiharibika, hasara ni ya mgahawa. Swali la kufaa zaidi ni hili: chupa imefunguliwa lini? Iliyofunguliwa jana na kuwekwa kwenye friji haina neno. Baada ya siku tatu, mweupe huanza kuwa na rangi nzito na kunuka tofaa lililopondeka. Mwekundu hupooza, kisha huelekea siki. Mgahawa wa viti 20 unaouza mvinyo wa aina 12 kwa glasi bila kifaa cha gesi ya kulinda chupa (Coravin, kilichoanza kuuzwa 2013, hutumia argoni) unakuuzia mabaki. Aina tano au sita zinazozunguka haraka zinatosha kabisa.

Dhana: Kifuniko cha skrubu ni alama ya mvinyo duni.

Hapana. Watengenezaji wa Riesling katika bonde la Clare, Australia, walihamia kwenye skrubu kwa mavuno ya 2000 kwa sababu walichoka kuharibiwa mvinyo na vizibo. Kizibo cha gome kinaweza kubeba kemikali iitwayo TCA, inayonukisha mvinyo kama kadibodi lililoloa. Ukiinusa harufu hiyo, rudisha chupa bila aibu.

Dhana: Jina maarufu ni salama.

Ni salama kwa ladha, si kwa mfuko. Sehemu ya bei ya Champagne ni jina. Cava ya Hispania na Crémant ya Ufaransa huchachuka mara ya pili ndani ya chupa kama Champagne. Prosecco nyingi, ya Italia, huchachushwa kwenye tangi, na ndiyo maana ladha yake ni nyepesi. Badala ya Sancerre, tazama Menetou-Salon au Quincy, jirani zake wenye zabibu ileile. Badala ya Barolo, Langhe Nebbiolo, nayo ya zabibu ileile. Mnunuzi aliyeweka majirani hawa kwenye orodha ameonja kabla ya kununua. Orodha yenye majina yanayouzwa kwenye maduka ya viwanja vya ndege tu imeandikwa na msambazaji.

Dhana: Mwaka wa mavuno ni urembo, na mzee ndiye bora.

Bila mwaka huwezi kulinganisha bei wala kujua unapewa nini. Champagne nyingi hazina mwaka kwa sababu huchanganya mavuno tofauti, na Sherry, mvinyo wa Hispania ulioongezewa pombe, vivyo hivyo. Nyingi ya zilizobaki zinapaswa kuutaja. Uzee nao una wenyewe: Vinho Verde wa kawaida (mvinyo mwepesi wa Ureno) wa miaka mitano si hazina, ni mzigo uliokosa mnunuzi. Reserva nyekundu ya Rioja, Hispania, ni habari nyingine, maana sheria inaitaka ikae miaka mitatu kabla ya kuuzwa, angalau mmoja ukiwa kwenye pipa la mwaloni. Neno "Reserve" kwenye chupa za nchi nyingine nyingi halibanwi na sheria yoyote, kwa hiyo usililipie.

Chupa ikifika mezani, soma lebo kabla haijafunguliwa. Kosa la kawaida kuliko yote ni hili: orodha inasema mwaka mmoja, chupa ina mwingine, kwa sababu akiba iliisha na hakuna aliyeichapisha upya karatasi. Mara nyingi tofauti ni ndogo. Lakini kama uliiagiza kwa sababu ya mwaka, una haki ya kuikataa, na wakati wa kuikataa ni kabla kizibo hakijatoka.